Shokapu Kuukuu kwa Pikipiki Mpya



Somo hili linahusu shokapu za mbele za pikipiki. Huenda wewe huna pikipiki. Lakini mtoto akiugua usiku, unampelekaje zahanati? Gunia lako la korosho linafikaje ghalani? Wengi wetu tunapanda pikipiki, hata kama si zetu. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

Soma polepole. Weka karibu nawe rula, uzi na daftari. Tutavitumia.

1. KIJANA WA MSIMBATI

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa Msimbati. Kijana huyu anaendesha pikipiki ya mjomba wake. Mjomba aliinunua kwa fedha za korosho. Ni pikipiki ndefu, ya namna ya zile za mashindano ya motokrosi. Pikipiki za motokrosi hupita kwenye matuta na kuruka vilima, kama inavyoonekana katika uwanja wa Garuga karibu na Entebbe, huko Uganda. Kijana aliipenda kwa sababu njia za kwao zina mchanga mwingi. Asubuhi hupeleka samaki Mtwara mjini. Mchana huchukua abiria. Wakati mwingine hufika Madimba, na wakati mwingine Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma.

Siku moja gurudumu la mbele liliingia shimoni. Shokapu zote mbili zilipinda. Oili ikavuja, ikateremka mpaka kwenye diski ya breki. Kijana aliikokota pikipiki mpaka nyumbani.

Aliuliza bei ya shokapu mpya. Ilimshinda. Kisha akasikia kwamba fundi mmoja mjini ana shokapu kuukuu. Zilitoka kwenye pikipiki ya zamani, ya namna ya Honda XL 125. Rafiki yake akamwambia, "Nunua ufunge tu. Zikilegea, zungushia bati la kopo."

Kijana akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, fundi. Nimekuja na fedha. Nazitaka zile shokapu."

"Fedha weka mfukoni kwanza. Niletee pikipiki, au niletee vipimo vyake."

"Lakini nikizitazama naona zitaingia."

Fundi akacheka. "Kofia ya baba inaingia kichwani mwa mtoto. Je, inamfaa? Kuingia siyo kufaa, mwanangu. Tena, pikipiki ni ya nani?"

"Ya mjomba."

"Mjomba anajua unachotaka kufanya?"

Kijana akanyamaza.

Fundi akaendelea, "Basi nenda kamweleze. Kisha urudi na pikipiki, na daftari."

2. KAZI YA SHOKAPU

Kwa nini fundi hakutaka haraka? Ili tujibu, lazima tujue kazi ya shokapu.

Shokapu za mbele ni miguu miwili. Miguu hiyo hulishika gurudumu la mbele. Kila mguu una bomba mbili. Bomba moja huingia ndani ya jingine na kutoka. Ndani yake mna springi na oili. Gurudumu likigonga jiwe, springi hujikunja na kulipokea pigo. Lakini springi peke yake ingerukaruka kama mpira. Oili huizuia. Hupita kwa shida kwenye matundu madogo, na hivyo springi hurudi taratibu. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yenye shokapu za mbele za namna hii, za bomba na oili. Mpaka leo pikipiki nyingi duniani hutumia njia hiyo.

Shokapu zina kazi tatu:

(a) Hupunguza mapigo ya njia.
(b) Huligeuza gurudumu unapogeuza usukani.
(c) Hubeba nguvu za breki. Ukifunga breki ya mbele, uzito mwingi wa pikipiki, wako, na wa abiria wako huja mbele. Shokapu ndizo zinazoubeba.

Kiti kikivunjika, utasimama. Taa ikizimika, utaona giza, utasimama. Lakini shokapu ikichomoka ukiwa mwendoni, huna usukani na huna breki. Ndiyo maana jambo hili halitaki kubahatisha.

3. AINA MBILI ZA SHOKAPU

Nenda ukazitazame pikipiki zilizo kijiweni. Utaona aina mbili za shokapu.

Aina ya kwanza ni ya kawaida. Sehemu nene iko chini, karibu na gurudumu. Bomba jembamba linalong'aa liko juu. Shokapu za kijana alizoziona kwa fundi zilikuwa za aina hii.

Aina ya pili ni ya kupindua. Sehemu nene iko juu, na bomba linalong'aa liko chini. Katika miaka ya 1980 viwanda vya pikipiki za motokrosi vilianza kuipenda aina hii. Sehemu nene ikishikwa juu, shokapu haipindi kwa urahisi pikipiki inaporuka na kutua. Siku hizi hata pikipiki za kawaida za namna ndefu huja na shokapu za kupindua.

Je, kipya ndicho bora siku zote? Hapana. Tufikiri. Katika aina ya kupindua, bomba linalong'aa liko chini, mahali penye mawe, mchanga na tope. Likikwaruzwa, sili ya oili huchanika. Sili ikichanika, oili huteremka hadi kwenye breki. Katika aina ya kawaida, bomba linalong'aa liko juu zaidi, na sili iko mbali na tope. Sili ikiharibika, oili nyingi hubaki ndani ya mguu kwa muda.

Kwa hiyo kijana hakukosea kufikiria shokapu za zamani. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alitaka kulipa kabla ya kupima.

4. VIPIMO SITA

Kijana alizungumza na mjomba wake. Mjomba akakubali, lakini akasema, "Nataka kuviona hivyo vipimo." Kesho yake walikuwa kwa fundi pamoja, na pikipiki, na daftari.

Vipimo vyote ni vya milimita. Tazama rula yako. Kati ya 0 na 1 kuna nafasi ndogo kumi. Kila nafasi ndogo ni milimita 1. Milimita 10 ni sentimita 1.

Kwanza: Unene wa bomba. Shokapu hushikwa na vishikio viwili, cha juu na cha chini. Bomba lazima lijae katika tundu la kishikio, bila kulegea. Fundi alipima kwa kalipa. Kama huna kalipa, zungusha uzi kwenye bomba mara moja. Pima uzi kwa rula. Zidisha kwa 7, kisha gawa kwa 22. Uzi wa shokapu kuukuu ulikuwa milimita 110.

110 × 7 = 770
770 ÷ 22 = 35

Unene ni milimita 35. Kwenye shokapu za pikipiki ya kijana uzi ulikuwa milimita 154. Unene wake ni milimita 49. Tofauti ni milimita 14! Fundi akamtazama kijana. "Makopo mangapi yataziba nafasi hiyo?"

Dawa yake ni kuchukua shokapu kuukuu pamoja na vishikio vyake vyenyewe.

Pili: Mhimili wa usukani. Kishikio cha chini kina mhimili unaopita ndani ya shingo ya pikipiki. Mhimili huzunguka kwenye beringi mbili, moja juu na moja chini. Hapa pima mambo matatu: urefu wa shingo, unene wa mhimili, na upana wa tundu linalokaa beringi. Urefu ulilingana. Mhimili wa pikipiki ya kijana ulikuwa milimita 26, na ule wa zamani milimita 25. Tundu la shingo lilikuwa milimita 47. Uzi na rula havitoshi kwa tofauti ya milimita 1. Hapa lazima kalipa.

Fundi aliandika kwenye daftari: 25 – 47 – 15. Maana yake ni beringi yenye tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 47, na kimo milimita 15. Beringi za kipimo hicho huuzwa madukani. Kumbuka jambo moja. Mhimili ukiwa mfupi mno, nati ya juu haitashika meno yote. Mhimili wa namna hiyo ukatae.

Tatu: Urefu. Pima kutoka chini ya kishikio cha chini mpaka katikati ya ekseli, gurudumu likiwa linaning'inia. Shokapu zikiwa fupi mno, pua ya pikipiki hulala. Usukani huwa mwepesi mno, na kwenye mwendo mkubwa gurudumu huanza kutikisika. Zikiwa ndefu mno, pikipiki hukata kona kwa uzito. Shokapu kuukuu zilipungua milimita 15. Fundi alizishusha kidogo katika vishikio, na tofauti ikaisha. Lakini bomba halishushwi mpaka likazama ndani ya kishikio cha juu. Kishikio kikose cha kushika, shokapu itateleza.

Nne: Ekseli. Ekseli ni chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Ekseli ya milimita 12 ikitiwa kwenye tundu la milimita 15, gurudumu litacheza. Ekseli nene haiingii kwenye tundu dogo, na kulitoboa tundu la shokapu ni kuudhoofisha mguu.

Tano: Breki. Kipimo hiki husahauliwa sana. Pikipiki ya kijana ina breki ya diski. Shokapu za diski zina mahali pa kufungia kibano cha breki. Shokapu za zamani hazina mahali hapo, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa na breki ya ndani ya gurudumu. Breki ya ndani nayo ina sharti lake. Sahani ya breki lazima izuiwe na ulimi ulio kwenye mguu wa shokapu. Sahani isipozuiwa, ukifunga breki itazunguka pamoja na gurudumu. Itakata waya wa breki, au italifunga gurudumu ghafla. Hapo dereva na abiria huruka mbele.

Sita: Nafasi ya kukunjika. Fundi alitoa springi, akafunga shokapu tupu na gurudumu, kisha akalisukuma gurudumu juu mpaka mwisho. Alitazama kama tairi linagusa madigadi, kishikio au injini. Halafu aligeuza usukani kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho. Bomba lisiguse tangi. Waya zisivutike.

5. WALIAMUA NINI

Baada ya vipimo mjomba aliuliza, "Sasa fundi, tununue au tusinunue?"

Fundi akajibu, "Ukinunua miguu miwili peke yake, umetupa fedha. Ukinunua sehemu yote ya mbele, utapata kitu. Yaani shokapu, vishikio, gurudumu, ekseli na breki yake ya ndani. Vitu hivi vilitoka pamoja. Vinajuana."

"Na breki hiyo itatosha?"

"Breki ya ndani haishiki kama diski. Mwanao itabidi apunguze mwendo, na aanze kufunga breki mapema. Asipokubali hilo, basi angoje apate shokapu zinazofanana na zake."

Mjomba akamgeukia kijana. "Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba. Nitakwenda taratibu."

Kabla ya kulipa, fundi aliwaonyesha namna ya kukagua shokapu kuukuu. Nawe jifunze:

(a) Vingirisha bomba juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likirukaruka, limepinda. Likatae.
(b) Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa. Ukucha ukikwama, kutu imekwisha kula chuma. Sili mpya itachanika tena baada ya siku chache.
(c) Tazama kama kuna ufa au alama za kuchomelea. Ukiziona, usinunue.
(d) Nunua sili mpya. Usirudishe za zamani.
(e) Mwaga oili ya zamani. Tia oili ya shokapu, siyo oili chafu ya injini. Kiasi kifuate maelezo ya shokapu hizo, na miguu yote miwili ipate sawa. Bomba la sindano lenye alama za mililita linafaa kwa kupimia.

6. KUFUNGA NA KUJARIBU

Miguu miwili lazima iwe sawa. Pima kwa rula kichwa cha kila bomba juu ya kishikio. Kimoja kikizidi kingine, gurudumu litakaa upande.

Kaza nati za beringi, kisha inua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti chini ya injini. Sukuma usukani kidogo kwa kidole. Lazima uanguke wenyewe upande wa kulia na wa kushoto. Ukikwama, umekaza mno. Sasa shika miguu ya shokapu chini, uvute na kusukuma. Ukisikia kugonga, umelegeza mno.

Shusha pikipiki. Kabla ya kukaza ekseli kwa mara ya mwisho, kandamiza usukani mara nne au tano ili miguu ijipange. Ndipo ukaze ekseli na boliti zote za vishikio.

Jaribu mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usimbebe abiria. Funga breki taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Baada ya kazi ya siku ya kwanza, rudi ukaze nati zote tena.

7. MAMBO YA KUKATAA

Fundi yeyote akitaka kufanya haya, mwambie hapana:

(a) Kuzungushia bati la kopo, mpira au kitambaa kwenye bomba lililolegea. Bati husogea siku ukifunga breki.
(b) Kuchomelea bomba la shokapu lililovunjika. Moto huondoa ugumu wa chuma pembeni mwa mahali palipochomelewa.
(c) Kunyoosha bomba lililokunjika kwa nyundo.
(d) Kufunga mguu mmoja wa pikipiki hii na mguu mmoja wa pikipiki nyingine.

Kumbuka pia mzigo. Gunia la korosho lina uzito wa kilo 80 hivi. Magunia mawili ni kilo 160. Shokapu nzuri nazo zina mwisho wake.

8. CHUMVI NA MCHANGA

Sisi tunaokaa pwani tuna adui wawili, chumvi na mchanga. Tope la mikokoni kwenye mlango wa Ruvuma lina chumvi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye tenga la samaki yana chumvi. Chumvi huleta kutu, kutu hutoboa bomba, bomba hukata sili.

Kila jioni osha shokapu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Futa kwa kitambaa safi. Paka oili kidogo kwenye bomba linalong'aa, ukandamize shokapu mara mbili, kisha futa mchanga uliotoka. Kazi hii ni ya dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kijana wa mfano wetu alilitunza daftari lake. Ndani yake mna vipimo sita, tarehe ya kubadilisha oili, na tarehe ya kukaza nati. Siku nyingine akitaka kipuri, hataji jina la pikipiki tu. Anataja namba. Muuzaji hawezi kumpa beringi ya 26 akasema ni ileile. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Aliyepima na kuandika hadanganywi kwa urahisi, na abiria aliye nyuma yake hufika nyumbani.

HESABU

1. Uzi uliozungushwa kwenye bomba una urefu wa milimita 88. Unene wa bomba ni milimita ngapi?
2. Mguu mmoja wa shokapu unahitaji oili mililita 150. Miguu miwili inahitaji ngapi?
3. Sehemu ya mbele nzima ni shilingi 180,000. Beringi mbili ni shilingi 24,000. Sili mbili ni shilingi 10,000. Fundi anataka shilingi 30,000. Jumla ni shilingi ngapi? (Bei hizi ni za mfano.)

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Fundi alisema, "Kuingia siyo kufaa." Alikuwa na maana gani?
2. Kwa nini fundi aliuliza pikipiki ni ya nani?
3. Sahani ya breki isipozuiwa na ulimi wa shokapu, kitatokea nini?
4. Taja faida moja ya shokapu za kawaida mahali penye mchanga, na hasara moja ya breki ya ndani.
5. Umepanda pikipiki, ukaona oili inavuja kwenye shokapu ya mbele. Utamwambia nini dereva?

KAZI YA DARASA

Mwombeni mwenye pikipiki mmoja kijijini aje darasani. Pimeni kwa uzi na rula unene wa bomba la shokapu zake, na urefu kutoka kishikio cha chini mpaka ekseli. Kila mmoja aandike vipimo katika daftari lake. Kisha linganisheni. Majibu yakitofautiana, pimeni tena.

MAANA YA MANENO

Ekseli: chuma kinachopita katikati ya gurudumu.
Kalipa: kifaa cha kupimia unene na upana wa vitu vidogo.
Mhimili: chuma kinachozunguka ndani ya shingo ya pikipiki na kugeuza usukani.
Sili: mpira wa duara unaozuia oili isitoke.
Ulimi: kipande cha chuma kilichotokeza kwenye mguu wa shokapu ili kuzuia sahani ya breki isizunguke.